Unaposomea Kiingereza Chuoni, Unasomea Nini Hasa?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo likafunguliwa, mhitimu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hukaa na mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwenye simu akitafuta kitu kinachoitwa Kiingereza. Anachokikuta ni shahada ya fasihi, shahada ya isimu, shahada ya taaluma za lugha, na shahada ya sanaa na elimu ambayo ndani yake Kiingereza ni mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia. Mwenzake wa Kenya anayejaza machaguo yake KUCCPS, mfumo wa kupangia wanafunzi vyuo, anakutana na mlolongo unaofanana na huo. Ndugu yao aliyezaliwa Marekani anaweza kusema tu kwamba anasomea Kiingereza, yakaisha; ila ukimuuliza humo ndani anasoma nini, jibu lake litakuwa refu kuliko la wenzake wote.

Wingi wa majina si tatizo lenyewe. Tatizo ni kwamba watu hukichukulia Kiingereza kuwa somo moja, lilelile la sekondari lililoongezwa ukali, wakati chuoni ni taaluma mbili zenye tabia tofauti kabisa, fasihi na isimu (uchunguzi wa lugha yenyewe), na kwa wengi wetu kuna ya tatu, ualimu, iliyowekwa juu yake. Mtu anaweza kuipenda moja na kuichukia nyingine. Tena anaweza kuligundua hilo akiwa muhula wa tatu, ada imeshalipwa.

Si kozi ya kuongea

Mjomba akisikia kijana amechaguliwa kusomea Kiingereza huuliza: "Kwani hukijui?" Jirani naye hufurahi kwamba sasa mtoto ataongea kama Mzungu. Wote wawili wanafikiri chuo kikuu ni mwendelezo wa yale madarasa ya jioni yanayotangazwa kwenye nguzo za umeme.

Kozi ya kumsaidia mwanafunzi aandike na kuzungumza Kiingereza cha kitaaluma ipo, lakini ni ya wote. Huitwa stadi za mawasiliano au jina linalokaribiana na hilo, na mwanafunzi wa uhandisi au wa kilimo huisoma mwaka wa kwanza sawa na mwingine yeyote. Idara haianzi hapo. Yenyewe inachukulia kwamba lugha unayo tayari, kisha inakugeuzia lugha hiyo iwe kitu cha kuchunguzwa, kama vile mtu wa biolojia anavyopewa chura. Ndiyo maana unaweza kukuta mwanafunzi aliyesoma shule za kulipia, Kiingereza kinamtiririka, amepata supu (mtihani wa marudio) ya fonolojia, somo la sauti za lugha, huku aliyetoka shule ya kata akiwa na lafudhi nzito ya kwao amepata A.

Nisieleweke vibaya. Mwenye Kiingereza dhaifu atataabika, kwa sababu ya wingi wa kusoma. Na ni kweli kwamba kufikia mwaka wa tatu lugha ya wengi inakuwa imenyooka mno. Lakini hayo ni mazao ya kusoma na kuandika kila wiki. Hakuna mtihani wa kuongea vizuri.

Upande wa isimu: kusikiliza badala ya kutazama

Chukua jambo tulilofundishwa shule ya msingi: wingi wa nomino za Kiingereza, kwamba unaongeza s. Katika darasa la isimu unaambiwa uache kutazama maandishi na usikilize. Neno cats linaishia kwa sauti s. Neno dogs, ukiwasikiliza wenye lugha yao, linaishia kwa sauti z. Neno buses linaishia kwa silabi nzima inayosikika kama iz. Herufi ni moja, sauti ni tatu, na hakuna mwalimu wa sekondari aliyekuambia.

Sasa kazi ni kutafuta kanuni. Sauti t, inayotangulia kwenye cats, hutamkwa bila nyuzi za kooni kutetema. Wanaisimu wanaiita sauti sighuna. Sauti g ya dogs ni ghuna: weka kidole kooni uitamke, utahisi mtetemo. Kumbe alama ya wingi inaifuata tabia ya jirani yake. Jirani akiwa sighuna inakuwa s, akiwa ghuna inakuwa z. Na neno likiwa tayari linaishia kwa s, z, sh, ch au j, kuongeza s nyingine hakusikiki, kwa hiyo irabu inachomekwa katikati ili masikio yapate cha kushika. Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, alichapisha jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa isimu hukutana nalo: aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe cha kubuni, akakiita wug, kisha akawaonyesha viumbe viwili na kuwaachia wamalizie sentensi. Watoto walio wengi walisema wugs, kwa z. Neno hilo hawakuwa wamewahi kulisikia popote, kwa hiyo hawakuwa wamelikariri. Walikuwa na kanuni vichwani mwao ambayo hakuna mtu aliyewafundisha.

Isimu yote ina ladha hiyo. Kuna data, kuna ruwaza inayojificha ndani ya data, kuna kanuni unayoipendekeza, na kuna mfano mmoja mkorofi unaoivuruga kanuni yako usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Fonetiki na fonolojia zinashughulika na sauti, mofolojia na maumbo ya maneno, sintaksia na mpangilio wa sentensi, semantiki na maana, na isimujamii na namna watu wanavyotumia lugha kulingana na nani yuko mbele yao. Mwanafunzi aliyekuwa akifurahia hesabu lakini akaogopa kombi za sayansi mara nyingi hujikuta nyumbani hapa, na hulishangaa jambo hilo. Yule aliyekuja kwa sababu anapenda riwaya hushangaa vilevile, kwa sababu tofauti.

Kitu kingine ambacho waombaji hawakitambui: zana hizi si mali ya Kiingereza. Anayeweza kuchanganua wingi wa Kiingereza anaweza kuchanganua ngeli za Kiswahili, toni za Kihaya au viambishi vya Dholuo. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeweka Kiingereza katika idara moja na lugha nyingine za kigeni pamoja na isimu, huku fasihi ikiwa na idara yake.

Upande wa fasihi: kusahau hoja tatu kwa kila kitabu

Aliyepitia mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, anaujua mtindo: tumia vitabu viwili, toa hoja tatu kutoka kila kimoja, thibitisha. Dhamira, wahusika, ujumbe, umuhimu wake kwa jamii ya leo. Mtindo huo una faida yake, maana unampa msahihishaji wa maelfu ya karatasi kitu cha kuhesabu. Tabu ni kwamba unamzoeza mwanafunzi kukisoma kitabu kama ghala la hoja.

Chuoni swali linageuka. Mhadhiri hahitaji kuambiwa kwamba riwaya inazungumzia rushwa; yeye anataka kujua riwaya inafanyaje kazi. Nani anasimulia, na tumwamini kiasi gani? Msimulizi akiwa mtoto asiyeelewa ugomvi wa wazazi wake, msomaji anakuwa anajua zaidi ya anayemsimulia, na pengo hilo ndilo linalouma. Kwa nini sura ya tano inaruka miaka kumi bila maelezo? Kwa nini mwanamke fulani hapewi hata sentensi moja ya kusema? Insha inayopata alama nzuri ni ile yenye dai ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga, kisha dai hilo likatetewa kwa maneno yaliyomo kitabuni. Kusimulia upya kisa hakukupi chochote.

Halafu inakuja nadharia: Umarx, ufeministi, nadharia ya baada ya ukoloni na nyinginezo. Hapa maoni yangu ni kwamba vyuo vyetu vingi vinaharakisha. Mwanafunzi anafundishwa kuivisha kila riwaya nadharia kabla hajajifunza kukisoma kitabu kwa utulivu, na matokeo yake ni insha zinazofanana kama sare za shule.

Na kuna onyo kwa wapenda vitabu. Kusoma riwaya tatu kwa mwezi ukiwa na kalamu mkononi, huku tarehe ya kukusanya kazi ikikaribia, hakufanani na kusoma riwaya chini ya mwembe likizo. Wengine furaha yao huongezeka. Wengine hukaa miaka bila kugusa kitabu baada ya mahafali.

Ndoa ya fasihi na isimu ilifungwa wapi

Kama taaluma hizi mbili hazifanani, ilikuwaje zikakaa chini ya jina moja? Jibu liko Uingereza, karne ya 19. Elimu ya kiungwana wakati huo ilikuwa Kilatini na Kiyunani. Chuo cha University College London kiliteua profesa wa Kiingereza mwaka 1828, lakini Oxford na Cambridge zilikibeza: vitabu vya lugha yako mwenyewe unavisoma nyumbani baada ya chakula cha jioni, utavitungiaje mtihani? Mwaka 1887, Oxford ilipobishana kuhusu kuanzisha shahada hiyo, mwanahistoria Edward Freeman alipinga akisema itaishia kuwa porojo kuhusu mshairi Shelley.

Suluhisho lilikuwa kuipa fasihi mfupa mgumu. Mfupa huo ulikuwa filolojia, yaani historia ya lugha: Kiingereza cha kale, mabadiliko ya sauti, uhusiano wa Kiingereza na Kijerumani na ndugu zake wengine. Hayo yanatahinika, jibu ama ni sahihi ama si sahihi. Tayari mwaka 1885 Oxford ilikuwa imempa Arthur Napier kiti cha profesa wa lugha na fasihi ya Kiingereza, na yeye alikuwa mtu wa filolojia, jambo lililowakera wapenzi wa fasihi. Shahada yenyewe ilianza mwaka 1894, fasihi na lugha zikiwa zimefungwa pingu moja. Cambridge ilipoanzisha ya kwake mwaka 1917 ililegeza pingu hiyo, na mwanafunzi akaweza kusoma fasihi bila kulazimishwa Kiingereza cha kale. Kwa hiyo mabishano ambayo mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayasikia leo kuhusu kozi gani iwe ya lazima yana zaidi ya miaka mia, na yalianza kwa hofu ya kuonekana wavivu.

Nairobi, 1968

Huku kwetu somo lilifika likiwa limefungwa hivyohivyo. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi wake wakawa wanatunukiwa shahada za London. Mwanafunzi wa Kiingereza alisoma historia ya fasihi ya Uingereza, Shakespeare na wenziwe hadi T. S. Eliot. Idara hiyo ilikuwa na heshima kubwa na ilitoa watu. Jarida la Penpoint, lililoanza 1958, liliwapa wanafunzi mahali pa kujaribu kalamu zao, na Juni 1962 Makerere ikawa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Kiingereza hapo, alihudhuria.

Miaka sita baadaye Ngũgĩ alikuwa mhadhiri Nairobi, wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza, James Stewart, aliwasilisha mapendekezo ya kuendeleza masomo ya sanaa. Yalitaja lugha za Kiafrika na mambo mengine mapya, lakini Idara ya Kiingereza ilibaki katikati, kwa hoja kwamba ni vyema kusoma mfululizo wa utamaduni mmoja kwa karne nyingi. Tarehe 24 Oktoba, Ngũgĩ, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walijibu kwa waraka uliopendekeza idara hiyo ifutwe. Hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuijibu: kama kuna haja ya kusoma mfululizo wa utamaduni mmoja, kwa nini usiwe wa Afrika? Walitaka fasihi ya Kiafrika iwe kitovu, fasihi simulizi iwe msingi wake, Kiswahili kipewe nafasi yake, kisha ndipo yafuate maandishi ya Karibiani, ya Wamarekani weusi, ya Ulaya na kwingineko.

Watu wengi wanaokumbuka waraka huu hudhani ulikuwa wa kuipiga marufuku lugha ya Kiingereza. Haukuwa hivyo, wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Kilichopingwa ni mpangilio: Uingereza katikati, wengine pembeni kama nyongeza. Matokeo yake Nairobi ikapata Idara ya Fasihi, na uchunguzi wa lugha ukaendelea kwenye nyumba yake ya isimu. Ile ndoa ya Oxford ilivunjika hapo, kwa sababu ambazo Oxford haikuziwazia. Mjadala ukashuka hadi mashuleni: Septemba 1974 ulifanyika mkutano katika shule ya Nairobi School kuhusu kufundisha fasihi ya Kiafrika sekondari, na fasihi simulizi baadaye ikaingia katika mtaala wa Kenya. Kijana wa Kitui anayechanganua vitendawili na ngano katika karatasi ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, anakula matunda ya waraka ule, ajue asijue.

Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki Mei 2025, alimalizia kazi yake ya uhadhiri Chuo Kikuu cha California, Irvine, kwa cheo cha profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi. Wapo wanaoicheka hali hiyo. Mimi naiona kama ushahidi wa jinsi jina lilivyobadilika maana: idara za Kiingereza za Marekani na Uingereza za leo husoma Lagos na Kingston pamoja na London. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alifundisha Kiingereza na fasihi za baada ya ukoloni Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu, kabla ya kupewa Nobel mwaka 2021. Idara iliyopendekezwa ifutwe Nairobi, kwa namna fulani, ilijifuta yenyewe kwa nafasi yake huko ng'ambo.

Somo kuu, somo dogo, na masomo mawili ya kufundishia

Mfumo wa Marekani unamtaka mwanafunzi akusanye krediti zipatazo 120 kwa miaka minne. Anayekichukua Kiingereza kama somo kuu hukisomea kozi kumi hadi kumi na mbili hivi. Anayekichukua kama somo dogo husoma tano au sita, huku somo lake kuu likiwa biashara, sayansi ya siasa au hata kompyuta. Uingereza ni kinyume: aliyechaguliwa kusoma Kiingereza hukisoma karibu peke yake miaka mitatu. Uskoti kwa desturi wako katikati, na huko ndiko tunakopata mfano wa karibu nasi. Julius Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 hakwenda kubobea Kiingereza. Alisoma MA ya kawaida, ambayo licha ya jina lake kule ni shahada ya kwanza, yenye masomo mchanganyiko. Fasihi ya Kiingereza ilikuwa mojawapo, pamoja na uchumi, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alimaliza 1952. Mwaka 1963, akiwa rais, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilichapishwa, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Si vibaya kwa somo dogo.

Kwetu mgawanyo huo wa kuu na dogo haupo sana kwa majina, lakini upo kwa vitendo, na unapitia mlango wa ualimu. Anayesomea elimu huchagua masomo mawili ya kufundishia: Kiingereza na Kiswahili, Kiingereza na Historia, Kiingereza na Jiografia. Juu yake anaongezewa saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha na mazoezi ya kufundisha shuleni. Kwa hesabu ya muda, Kiingereza kinapata pengine theluthi moja tu ya digrii yake. Yule aliyechukua shahada ya fasihi au ya isimu moja kwa moja anakipata kwa kina zaidi, lakini hana ualimu, na akitaka kuingia darasani baadaye itambidi arudi kusoma stashahada ya uzamili katika elimu.

Kenya wamelikaza zaidi. Ili TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, imsajili mwalimu mwenye shahada ya elimu kufundisha sekondari, inatazama nyuma hadi KCSE: wastani wa C+, na C+ katika yale masomo mawili anayofundisha. Digrii nzuri haifuti C ya Kiingereza ya kidato cha nne. Na kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 uliunganisha Kiingereza na fasihi kuwa somo moja lenye karatasi tatu, ya tatu ikiwa na insha za vitabu teule, mwalimu wa Kiingereza wa Kenya hutarajiwa kuzimudu pande zote mbili. Vyuo vingi vimewapa walimu Kiingereza na Fasihi kama jozi. Sasa mtaala mpya wa umilisi (CBC) unaitenganisha jozi hiyo: katika sekondari ya juu Kiingereza kinabaki cha lazima kwa wote, na fasihi kwa Kiingereza inakuwa somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii. Mwalimu anayeingia chuoni leo atafundisha katika mpangilio huo, kwa hiyo ni busara auangalie kabla ya kuchagua jozi yake.

Tanzania Kiingereza na fasihi kwa Kiingereza ni masomo mawili hadi kidato cha nne, la kwanza la lazima, la pili la hiari ambalo shule nyingi hazina. Kidato cha tano yanaungana: karatasi ya kwanza lugha, ya pili fasihi. Chuoni yanatengana tena. Si ajabu vijana wanachanganyikiwa.

Kazi iko wapi

Hofu ya ajira si yetu peke yetu. Mwaka 1971 vyuo vya Marekani vilitoa shahada za kwanza za Kiingereza zaidi ya 60,000. Mwaka 2012 zilikuwa zaidi ya 50,000, na kufikia 2020 zilikuwa zimeshuka chini ya 40,000, ingawa jumla ya wahitimu wa masomo yote ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili tangu 1971. Msukosuko wa uchumi wa 2008 uliwafanya wazazi wa kule waulize swali ambalo wazazi wa huku hawajawahi kuacha kuliuliza.

Jibu langu ni kwamba mtu anayekuuliza "Kiingereza kitakupa kazi gani?" ameuliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni: pamoja na nini? Kiingereza peke yake, katika nchi ambazo kila mhitimu amesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza, hakimtofautishi mtu. Kinachomtofautisha ni kilichofungwa pamoja nacho.

Ualimu ni mlango mpana zaidi, na foleni yake ni ndefu. Matangazo ya ajira za walimu Tanzania mara kwa mara huweka mbele sayansi na hisabati, kwa hiyo mwalimu wa sanaa huweza kusubiri miaka, akijishikiza shule binafsi. Huko shule binafsi, hasa zile zinazotumia Kiingereza kuanzia chekechea, mwalimu mzuri wa Kiingereza hagombaniwi kwa cheti chake. Wanampa darasa la majaribio wamsikilize.

Tafsiri na ukalimani ni mlango ambao wahitimu wengi wanauwaza vibaya. Wanadhani anayejua Kiingereza sana ndiye mfasiri. Desturi ya kazi hiyo duniani ni kutafsiri kuelekea lugha yako ya kwanza, kwa hiyo mfasiri wa Kitanzania huuza Kiswahili chake; Kiingereza ni malighafi. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na nyuma ya uamuzi huo kuna sheria, kanuni na hukumu za miongo mingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinazosubiri kutafsiriwa. Kazi hiyo inamtaka mtu aliyesoma sentensi ndefu za Kiingereza kwa jicho la mwanasintaksia, mwenye Kiswahili kipana, na aliyekaa na istilahi za sheria. Arusha peke yake kuna makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Aliyesoma Kiingereza na Kiswahili ana nafasi ya kuanzia hapo. Akiongeza Kifaransa, bora zaidi. Aliyesoma Kiingereza na Historia kwa kuwa ndivyo wenzake bweni zima walivyochagua atabaki akilitazama tangazo.

Uhariri, utangazaji, mawasiliano ya mashirika na uandishi wa miradi vipo, na humo mtu wa fasihi hufanya vizuri kuliko anavyodhani, kwa sababu amezoea kutoa dai na kulitetea kwa ukurasa mmoja. Mtu wa isimu naye ana soko jipya kidogo: wanaotengeneza programu za kutambua sauti na kutafsiri kwa mashine wanahitaji watu wanaoweza kueleza lugha kwa kanuni. Hapo tena Kiingereza hakitoshi. Wanaotaka kushughulikia Kihehe au Kiluhya wanamtafuta anayezijua.

Kabla ya kubonyeza "wasilisha"

Jina la shahada lisikudanganye. Tafuta orodha ya kozi, mwaka kwa mwaka. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti, na visipoiweka mwulize mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ukiona fonolojia, sintaksia na semantiki zimejaa, hiyo ni isimu hata ikiitwa Kiingereza. Ukiona riwaya, tamthilia, ushairi na uhakiki, ni fasihi. Ukikuta nusu kwa nusu, uliza ni zipi za lazima na zipi za hiari, kwa kuwa hapo ndipo digrii ya mtu inapoelekea. Kwa Tanzania, alama zako pia zinasema: mfumo wa TCU unataka angalau ufaulu kamili (principal pass) katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi 4, lakini hicho ni kima cha chini na programu yenyewe inaweza kudai kiwango maalumu cha Kiingereza.

Na kama umeshaingia ukajikuta upande usio wako, bado kuna njia. Vyuo huruhusu kubadilisha kozi mwanzoni mwa muhula, na TCU na KUCCPS zina vipindi vyao vya kuhama programu au chuo. Madirisha hayo hayakai wazi muda mrefu. Hudhuria mihadhara ya pande zote mbili katika siku za mwanzo, hata ile ambayo hujajisajili. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hatakuuliza jina.